Moyo umechoka, lakini umechoshwa na nini?

Wapendwa wasomaji, meseji za mwezi huu karibu zote zimekuja na maneno yale yale, moyo kushindwa kufanya kazi, na wengi mmeandika mkiwa na hofu kubwa, mmoja kaniandikia saa nane usiku akiwa amekaa pembeni ya kitanda cha baba yake. Zote siwezi kuzijibu, nimechukua zile ambazo naona zitamgusa kila mwenye mgonjwa nyumbani, na majina nimeyaacha.

SWALI: Shikamoo dokta. Mama yangu ana miaka 58, tuko Morogoro, anauza maandazi. Alianza kuvimba miguu tukasema ni kusimama sana, baadae tumbo likajaa na pumzi ikawa ya shida. Hospitali wamempiga eko, ile picha ya moyo ya utrasaundi, wakasema moyo umepanuka na unafanya kazi asilimia 30. Kaka yetu mkubwa ameshaanza kupigia ndugu simu, anasema asilimia 70 ya moyo imeshakufa. Ni kweli mama ndo anatuaga?

JIBU: Marahaba mwanangu. Kwanza mwambie kaka asimamishe hizo simu. Hiyo 30 haina maana kwamba 70 imekufa, ni namna tunavyohesabu tu. Kila moyo unapodunda, kile chumba cha chini upande wa kushoto kinajaa damu alafu kinaisukuma itoke, ila hakitoi yote, hata wewe mzima unatoa kama 55 mpaka 70 katika kila 100, inayobaki inabaki. Kwa hiyo mama anatoa kama nusu ya anachotakiwa kutoa. Ni tatizo kubwa, sikufichi, lakini ninao wagonjwa walioanza na 25 na leo wanapanda daladala wenyewe kuja kliniki.

Jina lenyewe ndo linatuponza. Mtu akisikia moyo umeshindwa anaelewa umesimama. Haujasimama, unapiga usiku na mchana, tena mara nyingi unaenda mbio kuliko wako, shida ni kwamba damu inayotoka haitoshi, na hapo mwili unajikosea wenyewe. Figo zikiona damu inayofika ni kidogo zinadhani mwili umekaukiwa, kama mtu aliyeharisha siku nzima, basi zinabana chumvi na maji visitoke kwenye mkojo. Sasa maji hayakuwa yamepungua hata kidogo, kwa hiyo yanajazana juu ya yale yaliyokuwepo, yanashuka miguuni, yanaingia tumboni, yanatuama kwenye mapafu. Mama alivimba kwa sababu hiyo, kusimama sana kulichangia tu miguu kuonekana mapema. Jioni hebu bonyeza kwa dole gumba hapo kwenye ugoko, hesabu taratibu mpaka kumi alafu ondoa. Kikibaki kishimo, kama kidole ulichochomeka kwenye unga wa maandazi aliokanda mwenyewe, hayo ni maji.

Ila kwenye meseji yako yote kuna kitu nimekitafuta sijakiona. Hamjaambiwa chanzo, au mmeambiwa na hamkukishika. Moyo kushindwa ni kama homa. Ukisema mtoto ana homa hujasema anaumwa nini, inaweza kuwa malaria, inaweza kuwa taifodi, inaweza kuwa mkojo mchafu, na kila moja ina dawa yake. Na huku kwenye moyo ni hivyo hivyo, ni pale ambapo magonjwa mengine yanaishia.

Kwetu anayeongoza ni presha. Pale Muhimbili walifuatilia wagonjwa zaidi ya 400 wa moyo kushindwa, matokeo yakatoka mwaka 2014, na karibu asilimia 45 chanzo chao kilikuwa presha, na wastani wa umri wao ulikuwa miaka 55 tu, yaani watu wanaosomesha watoto bado. Presha inafanya hivi: mishipa imekaza, moyo unalazimika kusukuma kwa nguvu kila pigo, kila dakika, miaka kumi, kumi na tano. Mwanzo msuli unanenepa kama mkono wa kuli, mtu hasikii chochote, tena anajisifu ana nguvu. Baadae huo msuli mnene unakuwa mgumu haulegei vizuri kupokea damu, au unachoka unatanuka kama lastiki ya sketi iliyovutwa kila siku. Kwenye eko ndo wanaandika moyo umepanuka.

Baada ya presha kuna msuli wa moyo wenyewe kuugua, na hapo wamo virusi, pombe ya miaka mingi, VVU, uzazi, na mambo ya kurithi. Kuna valvu, vile vilango vya moyo, zilizoharibika toka utotoni. Kuna mishipa inayolisha moyo kuziba, hasa kwa wenye kisukari na wavuta sigara. Kuna TB inayoingia kwenye mfuko unaouzunguka moyo, hii inatibika kwa dawa za TB na inauma sana mtu akifa nayo kwa kukosa kupimwa. Kuna upungufu mkubwa wa damu, kuna tezi ya shingo kufanya kazi kupita kiasi, kuna baadhi ya dawa za saratani. Umeona? Huyu anahitaji vidonge vya presha maisha yake yote, huyu anahitaji operesheni, huyu anahitaji miezi sita ya dawa za TB. Rudi kwa daktari wake, kaa chini, muulize: dokta, moyo wa mama umechoshwa na nini? Ni haki yenu kujua na hakuna daktari wa kweli atakayekasirika kwa hilo swali.

SWALI: Mimi ni mvuvi, Mwanza, miaka 44, mwembamba, na nimeambiwa nina huo ugonjwa. Nilikuwa najua magonjwa ya moyo ni ya wanene wenye hela.

JIBU: Kaka yangu, hiyo imani imewachelewesha wengi. Huko Ulaya na Marekani wagonjwa wengi wa moyo kushindwa ni wazee wa miaka 70 na kuendelea, na kwa wengi chanzo ni mishipa ya moyo kuziba. Sisi huku tunaugua mapema. Kuna utafiti mkubwa wa nchi 9 za Afrika, Kenya na Uganda zikiwemo, ulitolewa 2012, watu 1,006 waliolazwa kwa moyo kushindwa, wastani wa umri miaka 52, na wenye mishipa iliyoziba walikuwa wachache sana, hawakufika hata mmoja katika kila kumi. Uganda mwaka 1948 kuna daktari aliandika kuhusu ugonjwa ambao utando wa ndani wa moyo unakuwa na kovu gumu, moyo unashindwa kufunguka, na waliokuwa wanaupata ni watoto na vijana maskini wa vijijini, sio matajiri. Wembamba haukukingi na presha pia. Nakuomba uulize kuhusu presha yako ilikuwa ngapi siku ya kwanza, na kama unakunywa gongo au bia kila siku mwambie daktari ukweli, usimpunguzie idadi, maana moyo uliochoshwa na pombe mara nyingi unarudi vizuri mtu akiacha kabisa.

SWALI: Dokta, baba yetu alilazwa mwaka jana na moyo, akapewa dawa akapona kabisa, miguu ikanywea, akarudi shamba. Akaacha dawa maana alishapona. Sasa imerudi mbaya kuliko mwanzo na amekata tamaa anasema dawa za hospitali zilimdanganya. Tufanyeje?

JIBU: Pole sana, na mpe pole mzee. Hili ndo linaniumiza kuliko yote kwenye kazi yangu, kwa sababu baba hakufanya uzembe, alifanya kile ambacho tumezoea wote, unaumwa unameza, ukipona unaacha. Kwa malaria ni sawa, ukishamaliza dozi. Kwa moyo, kule kupona kulikuwa ni dawa zinafanya kazi yake.

Kuna utafiti ulifanyika London. Walichukua watu ambao moyo ulishatanuka ukarudi kawaida kabisa, eko safi, hawajisikii chochote, wakawaachisha dawa taratibu wakiwa chini ya uangalizi wa karibu. Katika watu 25 walioachishwa, 11 ugonjwa ukawarudia ndani ya miezi 6. Walioendelea na dawa muda huo huo, hata mmoja haukumrudia. Na hao ni watu waliokuwa wanaangaliwa na madaktari, sasa mzee wetu yuko shamba peke yake.

Muelezeni hivi, polepole, asionekane anasemwa. Kile kidonge cha kukojoza, wengi mnakiita Lasix, kinatoa maji, ndo kinacholeta unafuu wa haraka na ndo watu wanakipenda au kukichukia kwa sababu ya kwenda chooni. Lakini hicho hakitibu moyo. Zinazolinda moyo ni zile nyingine ambazo mtu hasikii zikifanya chochote: kuna za kundi la enalaprili au losartani zinalegeza mishipa, kuna karvediloli au bisoprololi zinapunguza mbio za moyo, kuna spironolaktoni inayozuia ile tabia ya figo kubana chumvi, na siku hizi kuna dapagliflozini ambayo ilianza kama dawa ya kisukari wakaja kugundua inasaidia moyo hata wa asiye na kisukari. Watu wanaacha hizi wanabaki na Lasix tu, ni sawa na kuchota maji kwenye mtumbwi bila kuziba tundu. Kama ni kikohozi kikavu kinachomkera tangu aanze enalaprili, ni kweli dawa hiyo inaleta hicho kikohozi, basi aseme, atabadilishiwa, asiache kimya kimya.

Na jambo moja zaidi. Mwambieni aje na mfuko wake wote wa dawa. Kuna mama alinimwagia mezani mfuko wa rambo, nikakuta Lasix, nikakuta karvediloli, na katikati yake karatasi nzima ya diklofenaki anameza kila jioni kwa ajili ya magoti, kanunua duka la dawa, hakuona kama ni kitu cha kunitajia. Hizo dawa za maumivu za jamii ya diklofenaki na ibuprofeni zinafanya figo zibane maji na chumvi, zinapambana moja kwa moja na dawa za moyo. Alikuwa amelazwa mara tatu mwaka ule na hakuna aliyemuuliza habari ya magoti. Tulipozitoa, tukampa parasetamoli, uvimbe ulishuka ndani ya wiki mbili.

SWALI: Nina miaka 27, nimejifungua wiki sita zilizopita. Siwezi kulala chali, nikilala najihisi nazama, nakohoa usiku. Mama mkwe anasema ni ubaridi wa uzazi, duka la dawa wamenipa dawa ya nimonia mara mbili. Nalalia mito mitatu.

JIBU: Mdogo wangu, usisubiri gazeti lijalo, ukisoma hapa nenda hospitali leo hii, hospitali yenye eko kama ipo karibu, na waambie maneno hayo hayo uliyoniandikia, hasa ile mito mitatu. Kuna moyo kushindwa unaokuja na uzazi, kuanzia mwezi wa mwisho wa mimba mpaka kama miezi mitano baada ya kujifungua, kwa mwanamke ambaye hakuwa na shida yoyote ya moyo. Unafichika vibaya kwa sababu kila dalili ina maelezo yake ya kawaida, kuchoka ni mtoto, kuvimba miguu ni mimba, kikohozi ni baridi. Ila mzazi wa kawaida aliyechoka akilala anapata nafuu, huyu mwenye maji kwenye mapafu akilala ndo anakabwa, anaamka anakimbilia dirishani kutafuta hewa. Hiyo ndo tofauti, na mama mkwe umueleze kwa heshima kwamba hukatai ushauri wake.

Habari njema ni kwamba wengi wa wenye huu wa uzazi moyo unarudi wakitibiwa mapema. Mwambie daktari kama unanyonyesha ili achague dawa zinazofaa. Na usibebe mimba nyingine mpaka eko irudiwe na uambiwe wazi, kwa sababu unaweza kurudi mkali zaidi, na baadhi ya dawa hizi kama enalaprili na losartani zinamdhuru mtoto tumboni. Kijiti au kitanzi vinafaa kwa wengi, mtazungumza huko kliniki, na mumeo awepo asikie kwa masikio yake.

Nigusie kidogo, wapo watakaokulisha uji wenye magadi au supu ya chumvi nyingi ili upate nguvu. Huko Zaria, kaskazini mwa Nigeria, wanawake wa Kihausa walikuwa wanakunywa uji wenye kanwa, chumvi ya ziwani kama magadi yetu, siku arobaini, huku wanalazwa kwenye kitanda chenye joto, na madaktari wa kule miaka ya 1970 walieleza jinsi chumvi hiyo na joto vinavyoujaza mwili maji na kuuelemea moyo wa mzazi. Kwa sasa kataa, kwa upole.

SWALI: Mgonjwa wa moyo ale chumvi kiasi gani? Na ndimu inasaidia?

JIBU: Hata kwa mtu mzima wa afya ushauri ni chini ya gramu 5 kwa siku nzima, hicho ni kijiko kimoja cha chai kwa vyote, pamoja na ile iliyokwisha kuwemo kwenye mkate. Msiongeze mezani. Watu wanaacha kidude cha chumvi mezani wanajiona wamemaliza, kumbe iko kwenye ng'onda, dagaa wa chumvi, achari, vikolezo vya paketi, na magadi ya kulainisha maharage, maana magadi nayo ni sodiamu ile ile. Ndimu, vitunguu, tangawizi na pilipili vinasaidia chakula kupata ladha bila chumvi, kutibu moyo havitibu. Alafu kuna ile chumvi inayouzwa kama mbadala, yenye potasiamu, kwa anayemeza spironolaktoni au enalaprili inaweza kuwa hatari, aulize kwanza.

SWALI: Mwanangu wa miaka 13 anachoka akipanda ngazi, wamesema valvu imeharibika na imetokana na koo. Koo na moyo wapi na wapi?

JIBU: Ninaelewa mshangao wako, hata wanafunzi wa udaktari wanashangaa. Kuna bakteria wa koo, mtoto anaumwa koo siku chache linapoa. Kinga ya mwili iliyotengenezwa kupigana naye inageuka inashambulia viungo, mtoto analalamika magoti leo kesho viwiko, na inashambulia valvu za moyo. Likijirudia na kujirudia valvu zinapata kovu, hazifungi au hazifunguki vizuri, moyo unafanya kazi mara mbili mpaka unachoka. Kwa hiyo sindano ya penisilini anayopewa kila wiki 3 au 4 hairudishi valvu, inazuia pigo lingine, na ndo maana tunawasumbua hata mtoto akiwa anacheza mpira. Msiruke hata moja. Operesheni za valvu zinafanyika hapa nchini, Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete pale Muhimbili, muulizeni daktari kama amefikia hapo au bado. Na wadogo zake wakiumwa koo na homa wapelekwe zahanati, msiishie kwenye maji ya chumvi ya kusukutua.

SWALI: Ndugu wanasema dada yetu kakanyaga kitu, kategwa, ndo maana miguu imevimba. Wanataka kumpeleka akachanjwe.

JIBU: Siwezi kukukataza kusali wala kuheshimu wazee. Naomba kitu kimoja tu, asichanjwe kwenye miguu iliyovimba. Ngozi iliyojaa maji haiponi haraka, kile kidonda kidogo cha wembe kinatoa maji siku nyingi, kinaoza, na nimempokea dada wa namna hiyo ambaye moyo wake tungeuweza lakini mguu ulikuwa umeshaingia sumu. Mbebeni kwanza apimwe presha, eko, wingi wa damu, figo. Akipewa kidonge cha kukojoza na miguu ikanywea siku ya nne, ndugu wenyewe wataona.

SWALI: Mume wangu ana moyo, miaka 50. Tangu aanze dawa hanisogelei, nadhani anaogopa atafia kifuani kwangu, au dawa zimemmaliza. Naona aibu kuuliza kliniki.

JIBU: Dada yangu, usione aibu, wanaume watano wanalifikiria hili kabla mmoja hajalitamka. Kama anaweza kupanda ngazi za ghorofa mbili kwa mwendo wa kawaida bila kusimama kutafuta pumzi, tendo la ndoa kwa kawaida moyo wake unalimudu. Akiwa bado amevimba au analala amekaa, bado, tumtoe maji kwanza. Ni kweli baadhi ya dawa hizi zinaweza kupunguza nguvu, na ugonjwa wenyewe unapunguza, na woga unapunguza kuliko vyote viwili, kwa hiyo asiache dawa kimya kimya, dozi au aina inaweza kubadilishwa. Ila asinunue vile vidonge vya kuongeza nguvu mtaani, akichanganya na dawa ya kuweka chini ya ulimi presha inaweza kushuka ghafla akaanguka.

Tafuteni mizani, apime uzito kila asubuhi akishatoka chooni kabla ya chai, wewe ndo uandike kwenye daftari. Ukiongezeka zaidi ya kilo 2 ndani ya siku 3 hayo ni maji, mje haraka hata kama siku ya kliniki haijafika. Na ikifika, njooni wote wawili na hilo daftari, ukishindwa kusema mbele ya watu niandikie swali ukurasa wa nyuma, nitalisoma na nitawajibu mlango ukiwa umefungwa.